Oili ya Njia ya Ngomeni

Kibwezi,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa kaka yangu Kitheka,

Salamu kutoka huku kwenye joto na vumbi la barabara ya Mombasa. Mimi niko sawa, mgongo tu ndio unanikumbusha kwamba nimefikisha arobaini na minane. Gereji ina kazi. Wiki iliyopita nimefungua shoki za pikipiki kumi na moja, na bado kuna wateja wanaouliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nawaambia ameenda kunywa chai, atarudi saa nane. Saa nane wakirudi wanakuta ni mimi. Nisalimie mkeo Katunge, na umwambie Mama ile dawa ya goti ni ya kupaka, si ya kunywa na maziwa.

Najua unashangaa kuona barua. Ni afadhali hivyo. Tangu tumzike Baba miaka mitatu iliyopita, simu zetu hazijawahi kumaliza dakika mbili kabla mmoja wetu hajamkatia mwenzake. Karatasi haikatiki. Nitakuwa natuma kwa vifurushi vya basi, nawe ujibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa jambo lenyewe. Mama ameniambia kuna mtu wa Nairobi anaitwa Gathua, mkusanyaji wa pikipiki za zamani, na ameipenda ile ya Baba ya mwaka wa sabini na tano. Anataka kwenda kuisimamisha kwenye chumba cha vioo. Ameniambia pia kwamba kikao cha familia, ambacho mimi sikuitwa, kimeamua hivi: mwezi wa Novemba kanisa likitimiza miaka hamsini, pikipiki itapita mzunguko ambao Baba alikuwa akipita na injili, Kyuso mpaka Ngomeni na kurudi, njia ya zamani ya mawe, kilomita sitini na nane. Ikimaliza bila kusukumwa, inabaki nyumbani. Isipomaliza, Gathua ataibeba kwa lori siku hiyo hiyo.

Sina neno na kikao. Nina swali la fundi. Mama anasema mbele inagonga kama mlango wa choo siku ya upepo. Umeweka oili gani kwenye shoki za mbele, namba ngapi, kiasi gani?

Mimi dada yako,
Kalekye Ndolo

Nimeandika jina lote kwa sababu kwenye kijitabu cha mazishi niliandikwa "binti aliyeolewa Kibwezi". Sijaolewa Kibwezi. Nimekodi.


Kyuso,
2 Aprili 2025

Kwa dada Kalekye,

Bwana asifiwe. Barua yako ilifika Machi kumi na nne, lakini mvua nayo ilifika siku hiyo hiyo na sisi wote tukaingia shambani. Ndengu zimeota vizuri upande wa chini, upande wa juu mchwa wamekula. Mbuzi mmoja alizaa mapacha. Mama amecheka sana kuhusu dawa, halafu akaendelea kuinywa.

Pikipiki si mgonjwa wa kuandikiwa barua, lakini kwa sababu umeuliza nitajibu. Kwanza niliweka oili ya shoki namba kumi, kutoka duka la Mwingi. Ikagonga. Nikamwaga, nikaweka namba ishirini. Ikagonga vilevile. Mwishowe nikaweka oili ya injini, namba arobaini, ile nzito ya trekta. Sasa haigongi. Mbele imekaa imara kama meza. Njia ya mawe inataka oili nzito, hilo halihitaji fundi wa Kibwezi. Kipimo ni kile cha Baba: milimita mia moja na hamsini kutoka mdomo wa bomba la shoki mpaka oili inapoanza.

Kuhusu kikao, hukuitwa kwa sababu huwa huji.

Kaka yako,
Kitheka


Kibwezi,
10 Aprili 2025

Kwa kaka Kitheka,

Hongera kwa mapacha. Huku tumepata mvua ya siku mbili, ikaingia ndani ya gereji, ikaondoka na ndoo yangu. Namshukuru Mungu kwa kilichobaki.

Imara kama meza, unasema. Kaka, meza haiendi Ngomeni.

Nikueleze kama nilivyofunzwa na kazi. Ndani ya shoki kuna springi na kuna oili. Springi ndiyo inayobeba uzito. Oili haibebi kitu. Kazi yake ni kuizuia springi isiruke kama mbuzi aliyefunguliwa. Inapita kwenye vitundu vidogo, kwenda na kurudi. Ikiwa nyepesi sana inapita mbio, na ukishika breki pikipiki inainama kama mtu anayeokota sindano. Ikiwa nzito sana haipiti kwa wakati. Gurudumu linapanda jiwe la kwanza, na kabla halijashuka linakutana na la pili, halafu la tatu, mpaka unajikuta unaendesha pikipiki isiyo na shoki kabisa. Hiyo ndiyo meza yako. Usiipande kwenye mawe.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Namba kumi ikigonga, naelewa. Namba ishirini ikigonga vilevile, sielewi. Oili imekuwa nzito zaidi na kelele haijabadilika. Hapo mtu haendi kutafuta namba nyingine, anatafuta kosa lingine. Kwa hivyo niambie kila bomba lilimeza mililita ngapi mpaka ukafika kwenye hiyo mia na hamsini. Pima kipenyo cha ndani cha bomba. Na uniambie, wakati unapima, pikipiki ilikuwa imekandamizwa mpaka mwisho, na springi ilikuwa ndani au nje?

Kuhusu kuja au kutokuja, tutaongea siku nyingine.

Kalekye


Kyuso,
20 Mei 2025

Kwa dada Kalekye,

Sisi tuzima. Katunge amechaguliwa mweka hazina wa akina mama, sasa hata mimi nikitaka chumvi naandika ombi. Ndengu tunatarajia kuvuna mwezi ujao.

Nimepima. Niliazima kipimo cha chuo cha ufundi, bomba lina milimita ishirini na saba ndani. Kila upande ulimeza mililita mia moja na sitini, nilitumia chupa ya maziwa ya mtoto yenye mistari. Ndiyo, nilikandamiza mpaka mwisho. Nilifunga usukani na kamba kwenye nguzo.

Kiema, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ananiuliza kila Jumapili kama pikipiki iko tayari. Namwambia iko tayari. Gathua naye amepiga simu mara mbili. Anaongea kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa huku akisubiri kurithi shamba lake.

Kitheka


Kibwezi,
27 Mei 2025

Kwa kaka Kitheka,

Mpongeze Mweka Hazina. Huku hakuna jipya, isipokuwa kanisa letu limeniomba niwaonyeshe wasichana kumi wa kidato cha nne jinsi ya kubadilisha plagi. Tisa waliweza. Wa kumi aliniuliza kama mikono itarudi kuwa laini. Nikamwambia ukweli.

Nilikuuliza maswali manne ukajibu matatu. La springi umeliruka kama shimo. Basi nitalijibu mwenyewe, kwa hesabu.

Pikipiki ile inakunywa mililita mia moja na themanini kila upande. Wewe uliweka mia na sitini, kwa hivyo ishirini zimepotea. Bomba la milimita ishirini na saba lina eneo la sentimita mraba tano nukta saba. Ishirini ukigawa kwa hiyo unapata sentimita tatu na nusu. Kaka, oili yako iko chini ya kipimo kwa sentimita tatu na nusu, na wewe umeona mia na hamsini kamili. Nani aliinua oili mbele ya macho yako? Nimetafuta springi ya kulingana na hiyo, nikaichovya kwenye jagi la maji mpaka pale inapofika kwenye oili. Maji yalipanda mililita ishirini.

Ulipima springi ikiwa ndani. Chuma kilikaa mahali pa oili, ukadhani bomba limejaa. Ndiyo maana namba kumi iligonga na ishirini ikagonga. Shida haikuwa namba.

Sasa tuje kwa namba, kwa maana bado lazima tuichague. Nimechukua bomba la sindano la kuchanjia mbuzi, la mililita ishirini, bila sindano yenyewe, nikalijaza oili na kuiacha ishuke huku nikihesabu kwa saa. Namba kumi ya duka la kwanza ilishuka kwa sekunde kumi na nane. Namba kumi ya duka la pili, ishirini na tano. Namba ileile, asubuhi ileile. Basi namba kwenye chupa ni kama jina la mtu: unajua utamwitaje, hujui tabia yake. Namba ishirini ilichukua arobaini na sita. Hiyo yako ya trekta ilichukua mia moja na thelathini na mbili, nikapata muda wa kula ndizi. Nilichanganya ile ya kumi na nane na ile ya arobaini na sita, nusu kwa nusu. Nilitarajia thelathini na mbili, ikaja ishirini na tisa, maana oili nyepesi humvuta mwenzake.

Nimekutumia lita moja ya namba kumi na lita moja ya ishirini, hizi nilizopima. Nimefunga pia spoku ya baiskeli niliyoikunja kwenye milimita mia na hamsini. Toa springi, kandamiza, mimina mpaka oili iguse ncha ya spoku. Changanya nusu kwa nusu. Mwaga hiyo ya trekta leo, si kesho.

Jambo la mwisho halina hesabu. Mtu aliyeitengeneza pikipiki ya Baba miaka yote, kama unavyosema, angejua springi hutolewa kwanza.

Kalekye


Kyuso,
6 Julai 2025

Kwa Kalekye,

Kifurushi kilifika. Asante. Ndengu tumevuna magunia saba. Mama hajambo. Nina kazi nyingi, nitakuandikia tena.

Kitheka

Wifi, mimi ni Katunge, naandika nyuma ya karatasi kabla hajafunga bahasha. Umeona mwandiko? Anaandika kwa mkono wa kushoto. Tarehe kumi na nne Juni aliipanda pikipiki na ile oili ya trekta kwenda kujaribu mawe ya korongo la pili. Usukani uliruka mkononi, akaanguka. Amevunjika mfupa wa bega na kifundo cha mkono. Daktari amesema asishike usukani mpaka Desemba. Chupa zako zilikuwa chini ya kitanda, hazijafunguliwa. Amesema nisikuambie. Sikukuambia, nimekuandikia.


Kibwezi,
12 Julai 2025

Kwa kaka Kitheka,

Pole. Pole ya kweli. Nimekaa na hiyo barua siku mbili kabla ya kushika kalamu, ili nisiandike ile niliyoiandika kwanza kichwani.

Chupa hazikufunguliwa. Uliona afadhali ulazwe chini na pikipiki kuliko kutoa springi kwa neno langu.

Basi leo niseme, maana miaka mitatu nimekuwa nikilizunguka. Tangu darasa la sita mimi ndiye niliyekuwa nikishika chupa ya oili na kumimina, Baba amekaa kwenye kibao na Biblia, ananiambia pole pole. Wewe ulikuwa Mwingi shuleni. Nilipofika kidato cha pili karo ya mmoja tu ndiyo iliyokuwepo, na ikawa ni yako. Sikulia. Nilienda Mukuyuni kufagia gereji ya Kivuva, nikafagia miezi minane kabla hajaniruhusu kushika spana. Kila mwaka nilirudi Kyuso na kufungua shoki za pikipiki ya Baba mimi mwenyewe. Halafu siku ya mazishi ukasimama mbele ya watu mia sita ukasema, "Mimi ndiye nimeiweka hai pikipiki ya Mzee." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa nne, nimeshika mtoto wa mtu.

Ndiyo maana huwa siji.

Pikipiki haina mtu wa kuiendesha Novemba. Naijua hiyo njia na naijua hiyo pikipiki. Lakini sitakuja kama mgeni kutoka Kibwezi kuokoa jina la mtu mwingine. Andika kwa mkono wako, wowote utakaoweza, ni nani aliyekuwa akiitengeneza. Ukishindwa, mwachie Gathua. Kwenye vioo vyake angalau haitadanganya mtu.

Kalekye Ndolo


Kyuso,
21 Septemba 2025

Kwa dada yangu Kalekye,

Nimechelewa wiki kumi. Sina mvua wala mavuno ya kusingizia. Karatasi ilikuwa mezani kila siku.

Nianze na ya nyumbani ili nipate nguvu. Mama ni mzima na anakuuliza. Katunge amefukuza nusu ya kamati. Bega langu limeunga, kifundo bado.

Mwezi uliopita nilifungua zile chupa. Mkono mmoja hautoshi, kwa hivyo Katunge ndiye aliyefungua vifuniko vya bomba, akanung'unika kwamba alidhani ameolewa na mkulima. Tulitoa springi, tukakandamiza, tukamimina mpaka ncha ya spoku. Kila upande ulimeza mia moja na themanini na moja. Umekosea kwa mililita moja.

Sikujua springi hutolewa, Kalekye. Sikuwahi kuifungua hiyo shoki hata mara moja Baba akiwa hai. Siku ya mazishi niliambiwa nizungumze kama mtoto mkubwa wa kiume, nikasimama, nikaona kwamba katika maisha yote ya Baba hakuna kitu ninachoweza kusema kwamba nilikifanya kwa mikono yangu. Nikachukua chako. Kilikuwa karibu na mwenyewe alikuwa amenyamaza.

Jumapili ya leo nilimpa Kiema karatasi, akaisoma mbele ya kanisa baada ya matangazo. Ilikuwa na mistari mitano. Ilisema kwamba pikipiki ya Mwinjilisti Ndolo ilitengenezwa na binti yake Kalekye tangu akiwa darasa la sita, na kwamba mimi nilisema uongo kaburini. Hakuna aliyepiga makofi. Kiema aliikunja akanirudishia, akasema, "Hii ungeileta mapema, pesa za oili za kanisa zingeenda kwa fundi anayefaa." Watu wakacheka, nami nikacheka, na nikatoka nje nikiwa mwepesi.

Njoo uiendeshe, mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yetu. Sikuombi kwa sababu ya mkono.

Kaka yako,
Kitheka


Kibwezi,
Jumatatu, 1 Desemba 2025

Kwa kaka Kitheka,

Nimefika salama jana usiku. Mwili mzima unauma na sijali. Wateja wamenikuta asubuhi nikitembea kama bata, nikawaambia fundi ameenda chai.

Naandika ili ibaki, kwa maana pale Jumamosi kila mtu alikuwa akiongea kwa wakati mmoja na wewe ulibaki langoni hukuona njia.

Kwanza nikubali jambo, halafu tusilirudie. Ijumaa jioni nilipokandamiza usukani na kuuachilia, niliridhika na mchanganyiko wangu wa nusu kwa nusu. Wewe ukasema, "Umepima oili, hujapima mawe. Mawe ya korongo la pili yako karibu karibu, hatua moja moja. Itachelewa kurudi." Nikakujibu vibaya. Halafu nikapiga hesabu kichwani, kasi ya kilomita ishirini kwa saa na mawe ya kila nusu mita, nikaona gurudumu linagongwa mara kumi na moja kwa sekunde. Ndipo nikachukua chupa. Sehemu mbili za namba kumi na moja ya namba ishirini. Kwenye bomba la mbuzi ilishuka kwa sekunde ishirini na nne na nusu. Hiyo ndiyo oili iliyokwenda Ngomeni, na haikuwa yangu peke yangu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimetoka sokoni. Kiema nyuma yangu kwenye pikipiki yake mpya, kama shahidi, na koti la suti. Mvua ya Alhamisi ilikuwa imelainisha mchanga, na katika korongo la kwanza niliingia polepole nikingoja mbele ipige mbizi. Haikupiga. Iliinama kidogo kama mtu anayesalimia, ikanyooka.

Korongo la pili niliona pale ulipoanguka. Bado kuna kipande cha kioo chako. Nilisimama wima kwenye vikanyagio, nikaacha mikono iwe legevu, nikaingia kwenye mawe. Kaka, nitakuambia kitu ambacho siwezi kumwambia mteja. Nililia. Gurudumu lilikuwa linapanda na kushuka chini yangu kama cherehani, na usukani ulikuwa umetulia hata ningeweza kushika kikombe. Nimefanya hii kazi miaka thelathini na moja, nimefungua maelfu ya shoki za watu, na sijawahi kuwa juu ya iliyo sawa kiasi hicho.

Ngomeni tulifika saa nne kasoro. Akina mama waliimba wakati Kiema yuko umbali wa nusu kilomita nyuma, kwa hivyo hakuna aliyejua mimi ni nani mpaka mama mmoja mzee aliponitazama akasema, "Huyu ni yule binti wa Mwinjilisti aliyekuwa akijaa grisi." Nilipewa uji. Nilisaini kitabu cha wageni, jina lote, mstari mzima.

Kurudi kulikuwa na jua kali, na nilijua oili itakuwa nyepesi kuliko asubuhi. Ilikuwa. Nilipunguza mwendo kwenye miteremko, basi. Shida ilitoka upande mwingine: kilomita kumi na mbili kabla ya Kyuso, gurudumu la nyuma la Kiema likatoboka. Akaniambia niende, nikamwambia shahidi akibaki, nani ataapa? Nikaziba. Pampu yake ilikuwa imekufa, kwa hivyo tukaenda polepole mpaka kwa mtu mwenye pampu. Mimi nilipanda yangu kwa gia ya kwanza, na yeye akisukuma yake, koti begani. Kikao kilisema isisukumwe. Ya Baba haikusukumwa.

Mengine unayajua. Niliona lango, nikaona umati, kisha akina mama wakanishika wakanipeleka kuoga kama bibi harusi, sikuona kilichofuata. Niambie.

Badilisha hiyo oili kila baada ya mwaka. Springi nje.

Dada yako,
Kalekye


Kyuso,
Jumapili, 14 Desemba 2025

Kwa Kalekye,

Sisi sote tuzima na tumeshiba maneno. Hapa sokoni sasa kila mwenye pikipiki anapita kuniuliza oili, na mimi nawatoza kwa ushauri wako.

Umeniuliza ulichokosa. Gathua alifika saa mbili asubuhi na lori, kamba zimekunjwa vizuri, blanketi la kufunikia tangi liko tayari. Si mtu mbaya. Alikunywa chai ya Katunge vikombe vitatu, na kila dakika alikuwa akitazama barabara kwa huruma. Saa nane ilipopita na wewe hujatokea, alinishika bega, lile zima, akaniambia, "Mzee, umejitahidi." Watu walianza kuondoka kivulini. Mama peke yake hakusogea. Alisema kama imekufa tungesikia kimya, na yeye bado anasikia kitu.

Ilipita dakika ishirini kabla sisi wengine hatujasikia.

Ulipotokea, watu walikuangalia wewe. Mimi niliangalia gurudumu la mbele, pale kwenye mtaro wa maji ulio mbele ya lango, ambapo hata lori la Gathua lilikuwa limeruka. Liliingia, likatoka, na usukani ukabaki pale ulipo. Gathua aliona pia. Anajua vitu hivyo. Alikwenda akapiga magoti kwenye matope na suruali yake safi, akakandamiza mbele mara mbili, akasikiliza inavyorudi.

"Ni oili namba ngapi hii?" akaniuliza.

"Haina namba," nikamwambia. "Ni sekunde ishirini na nne na nusu."

Akangoja nicheke. Sikucheka. Akauliza fundi ni nani, nikamwambia ni dada yangu, yuko Kibwezi, karibu na stendi ya malori, mlango wa bluu. Aliandika. Anasema ana nyingine nne Nairobi na zote zinagonga. Halafu akafunga lori lake tupu, blanketi juu ya kiti, akaenda.

Sasa ya jana. Daktari alinipa ruhusa Jumatano, na Ijumaa Mama akasema ana mgonjwa wa kumwona Ngomeni. Nilimwambia nitamtafutia gari. Akasema gari la nini, na jana asubuhi akavaa viatu. Unajua ana miaka sabini na sita, na katika ile miaka yote Baba alimbeba mara mbili tu, kwa sababu alikuwa akimkumbatia kwa woga mpaka vifungo vya shati vinakatika. Niliogopa. Niliingia korongo la pili kwa mwendo wa mtu anayepeleka mayai.

Katikati ya mawe nikahisi mgongo wangu hauna mikono yake. Nilidhani ameanguka. Nikasimamisha hapo hapo, nikageuka.

Alikuwa ameketi, kibeti mapajani, mikono yote miwili juu ya kibeti, ananiuliza kwa nini nimesimama.

Kaka yako,
Kitheka